Yule Anayefungua Kamba

Bibi yangu aliosha maiti kwa miaka arubaini, ndiyo maana nasema hakuna mtu aliyeijua ile picha kuliko yeye. Wengine wote walioiona waliona dini, wakaipenda au wakaichukia kwa sababu hiyo. Yeye aliona kazi, tena kazi iliyofanywa ovyo.

"Hebu tazama sanda hii," alikuwa akisema, kidole kikipita juu ya karatasi bila ya kuigusa. "Mtu mzima kazongwa vitambaa kama mtoto mchanga. Ndivyo wanavyokafini huko kwao? Astaghfirullah."

Picha yenyewe ilikuwa ya Kizungu, ya zamani sana, haina rangi hata moja. Ilikuwa mistari myeusi tu, myembamba kama unywele, maelfu kwa maelfu, mpaka ikafanya mawingu na mikunjo ya nguo na ndevu za watu. Katikati pana kaburi lililo wazi, na mtu amekaa kitako ukingoni, mguu mmoja nje na mmoja bado ndani, mwili mzima umefungwa. Mbele yake amesimama Nabii Isa, mkono juu, na kichwani mwake inatoka miale. Wanawake wawili wamepiga magoti. Nyuma yao kuna kundi la wanaume, na baadhi yao wameziba pua kwa nguo zao. Chini, pembeni, yumo mzee mmoja aliyeinama, uso wake hauonekani vizuri, anahangaika na kamba zilizofunga mikono ya yule aliyefufuka.

"Huyu maiti ana siku tatu, nne," bibi akisema. "Angekuwa wa jana, wasingeziba pua."

Ilifikaje kwetu? Babu, mume wa bibi, alikuwa seremala Unguja mjini, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kutengeneza fremu. Mwanamke mmoja wa Kizungu alimletea picha ile aitilie fremu, akasema atarudi Jumatatu. Jumatatu ikaja, yeye hakuja. Babu akamaliza fremu, akaitundika dukani tupu, na picha akaifungia kabatini isiliwe na mende. Alipokuwa kwenye maradhi yake ya mwisho alimwambia bibi: ile ni amana, mwenyewe akija mpe.

Baadaye dunia yetu ilipinduka. Tukatawanyika, huyu Mombasa, huyu Dubai, na sisi mwisho wake tukatua Ibra, huko Uarabuni, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, baba akapata kazi ya ukarani serikalini. Watu walihama na dhahabu zao, na wengine na nguo walizovaa tu. Bibi alikuja na sanduku la mbao, ndani yake kanga, msahafu, vifaa vyake vya kuoshea maiti, na chini kabisa, baina ya vibao viwili vyembamba, picha ya mtu asiyemjua hata jina. Fremu aliiacha. Fremu ilikuwa mali ya mume wake, alisema, na mali huachwa.

Mtu asidhani kwamba bibi aliogopa kufa. Alikizungumza kifo kama mtu anavyozungumza safari ya shamba. Aliogopa kitu kimoja tu, nacho alikisema wazi kila siku: ataoshwa na nani. Muosha huoshwa, watu husema, na kule Unguja aliisema methali hiyo huku akicheka, kwa sababu alikuwa na wenzake wa kazi, na kila mmoja anaujua mkono wa mwenzake. Ibra hakuwa na mtu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwoga wa maiti kupindukia. Hata kuku aliyechinjwa akipapatika, mama alikimbia. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Na kuosha, kwa desturi ya bibi, kulitaka watu watatu: mmoja wa kugeuza, mmoja wa kusugua, mmoja wa kumwaga maji. Alikuwa akinyoosha vidole vitatu mbele ya uso wangu.

"Nimeosha nusu ya mji," akisema. "Mie ataniosha nani? Watu wasiojua hata kuniomba radhi?"

Maana bibi alizungumza na maiti wake. Hakumgusa, hakumgeuza, hakumwinua mkono bila ya kumwambia kwanza na kumwomba radhi. Maiti anasikia, alisema, ila hana namna ya kujibu, na kumgeuzageuza mtu kimya kimya kama gunia la tende ni utovu wa adabu.

Kidole cha kwanza alikitoa kwa jirani yetu. Alikuwa mwanamke wa rika la baba, mwenye mikono ya nguvu na sauti ya kuita mbuzi kutoka mlimani, na nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Kila asubuhi alikuja na dele la kahawa na sahani ya tende. Hakujua Kiswahili hata neno, na Kiarabu cha bibi kilikuwa cha msahafuni zaidi kuliko cha barazani, lakini walikaa saa nzima wakielewana. Alikuwa na heshima, bibi aliniambia, na alijua kushika kitu taratibu. Huyo angefaa.

Halafu nikaja mimi nikaharibu.

Mvua ilinyesha Ibra siku mbili mfululizo, mvua ya kweli, na dari yetu ya udongo na magogo ya mitende ikavuja juu ya sanduku la bibi. Jua lilipotoka, mama alinipa kanga nianike uani. Nikaanika kanga. Chini yake nikakuta vibao, nikavifungua, picha imepata unyevu pembeni. Bibi alikuwa amelala. Nikaona niwe mtoto mwema: nikaitundika picha kwenye kamba ya nguo, baina ya kanga mbili, nikaibana kwa vibanio.

Jirani akaingia na dele lake. Alisimama, akatazama ile miale kichwani, wale wanawake waliopiga magoti, ule mwili. Akaniuliza ni nini hiki. Nami, kwa Kiarabu changu cha kubabaisha, nikamjibu kwa fahari kubwa kwamba ni amana ya Mzungu, tumetoka nayo Unguja, na bibi anaipenda mno. Hakuweka dele chini. Aligeuka akaenda zake.

Ilipofika alasiri mtaa mzima umeshajua kwamba Wazinjibari wana sanamu la Kinaswara, yaani la Kikristo, ndani ya sanduku na wanalitoa liote jua. Kahawa ya asubuhi ikakatika. Wanawake tuliokuwa tukichota nao maji kwenye falaji, mtaro wa maji ya mji, wakawa wanamaliza haraka tunapofika. Baba alirudi kutoka kazini uso umemshuka.

"Mama, tuichome," alimwambia bibi. "Hapa penyewe watu wanatuuliza kama tunajua kusali. Sasa na hili?"

"Amana haichomwi."

"Mwenyewe keshakufa, mama."

"Basi akifufuliwa ataikuta."

Baba alicheka bila kutaka, akatoka nje. Bibi hakucheka. Niliona amekaa juu ya mkeka, mkono kwenye goti, akakikunja kile kidole alichompa jirani. Hakunilaumu hata mara moja, wala hakunigombeza, na mimi ningependa anigombeze. Nilibeba kosa lile mwaka mzima na zaidi, na kila nilipomwona akiamka asubuhi na kuangalia mlango ambao hauingii mtu, lilikuwa zito upya.

Aliyefungua mlango ule alikuwa maiti. Mama yake jirani, kikongwe ambaye tulikuwa tukimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, alifariki asubuhi moja ya baridi, na mvua ilikuwa imenyesha milimani. Muosha wa mtaa alikaa ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu. Wadi ilikuwa imeshuka, maji ya matope yakibeba magogo, hapiti mtu wala gari. Tukasikia kilio, kisha tukasikia wanawake wakibishana. Bibi akavaa, akachukua furushi lake, akaniambia nishike birika.

"Hawakutuita," mama akasema.

"Harusi ndiyo watu huitwa. Msibani mtu huenda."

Jirani alitukuta mlangoni, ndoo mkononi, maji ya falaji. Macho yake yalikuwa mekundu, na alipomwona bibi hakusema karibu wala ondoka. Bibi akatia kidole ndani ya ndoo, akatikisa kichwa.

"Barid," akasema kwa Kiarabu, kisha akanigeukia. "Mwambie hivi: mama yake alipokuwa hai hakukoga maji baridi wakati huu wa mwaka. Kwa nini tumzoweshe leo?"

Nikatafsiri. Jirani akaweka ndoo chini, akaenda kutafuta kuni.

Ya ndani sitayaeleza, maana muosha ni mtu wa sitara na anayemsaidia ni vivyo hivyo. Nitasema nililolisikia tu. Bibi alichanganya majani ya mkunazi na maji ya uvuguvugu, akaweka karafuu maiti kando kwa maji ya mwisho, akainama sikioni mwa yule kikongwe ambaye hakupata kuzungumza naye hata siku moja, akasema: "Tuwie radhi, dada. Tunakugeuza." Akamgeuza. Akasema tena upande wa pili. Kwa mkono alisema, kwa mguu alisema, kila mara kwa sauti ileile ya chini.

"Anasema nini?" jirani akaniuliza.

"Anamwomba mama yako radhi. Anamwambia anamgeuza, asije akashtuka."

Jirani aling'ata ncha ya shela yake, akalia. Tangu hapo akamwaga maji kwa namna nyingine, kidogo kidogo, kama unavyomkogesha mtoto aliyesinzia.

Ikafika sanda, na kamba zake tatu, ya kichwani, ya kiunoni na ya miguuni. Jirani alikuwa na uchungu na alikuwa na nguvu. Akafunga ile ya kichwani akaikaza kwa mikono miwili. Bibi akaifungua. Ilimchukua muda, kwa kucha.

"Mwambie: kuna mtu atashuka kaburini kuzilegeza hizi. Atakuwa amebanwa, hana nafasi, mchanga machoni. Ukikaza hivi atumie meno? Usimfungie maiti. Mfungie yule atakayefungua."

Akamwonyesha fundo lake, fundo la kuvuta: kitanzi kimoja, na ncha imeachwa nje upande wa kulia, ukiivuta mara moja lote linaachia. Jirani akalijaribu akakosea. Akalijaribu tena akakosea. Mara ya tatu bibi akavuta ncha, kamba ikaachia, akasema, "Ahsante. Sasa lifunge tena."

Matanga yalipokwisha, jirani alikuja asubuhi na dele lake. Alikaa, akamimina, tukanywa. Kisha akaniambia nimwombe bibi amwonyeshe ile picha.

Bibi aliitoa mwenyewe, akaitandaza juu ya mkeka. Nikatafsiri kwamba huyu ni Nabii Isa, anafufua maiti kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Jirani akaniambia nisimsomeshe, hilo limo ndani ya Kurani na yeye alilihifadhi kabla mimi sijazaliwa. Nikakoma.

"Sasa muache Nabii, muache na maiti," bibi akasema. "Mwambie amtazame huyu."

Akaweka kidole kando ya yule mzee aliyeinama.

"Wenzake wote wameshika midomo, wanastaajabu. Huyu hana wakati wa kustaajabu. Kaona mtu kafungwa, anamfungua. Na tazama fundo lenyewe! Nani mjinga aliyelifunga?"

Jirani akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akalichunguza fundo lile kwa makini, akasema kwamba hili halifunguki, hili linataka kisu. Nilipotafsiri bibi alicheka mpaka akajishika mbavu, na jirani akacheka kwa kumwona anacheka, na kahawa ikapoa. Nilikaa baina yao nikisikia kitu kizito kinanishuka kifuani. Nilimshukuru Mungu siku ile kwa maneno niliyoyajua, na mpaka leo sijaacha.

Aliyetangaza la kwanza akatangaza na la pili. Haukupita mwezi, mtu wa mtaa wa juu alituma watu kuja kumchukua bibi kwa maiti yake, na jirani akafuatana naye, birika mkononi, mimi nikaachwa nyumbani na madaftari yangu. Waliosha pamoja miaka. Nami niliona kile kidole kimenyooka tena, na siku moja bibi akanigusa mimi kwa kile cha pili, bila ya kusema neno, akaendelea kukuna nazi.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu Nizwa, shule ya wasichana. Mwalimu mwenzangu wa kuchora alikuwa mama wa Kimisri, naye ni Mkristo, mtu mchangamfu aliyelalamikia joto tangu alfajiri. Nilimwambia juu ya picha, akataka aione. Bibi aliniruhusu niichukue kwa wiki moja, kwa kiapo. Yule mama aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ncha ya kidole pembezoni, akanionyesha mahali karatasi ilipobonyea pande zote nne. Hapo ndipo lilipokandamizwa bamba la shaba, alisema. Fundi alichora kwa kuikwaruza shaba, mstari kwa mstari, akatia wino, akapiga chapa. Mchoro ulikuwa wa mafundi wa Ulaya wa miaka mia nne nyuma au zaidi, ijapokuwa karatasi yetu huenda ilipigwa chapa baadaye. Jina la fundi hakulijua.

Kisha akanisimulia kisa kama walivyo nacho wao. Wale wanawake wawili ni dada zake maiti. Alikuwa kaburini siku nne.

"Siku nne?" nikamuuliza. "Una hakika?"

Akashangaa kwa nini nacheka. Akaendelea kwamba baada ya maiti kutoka akiwa bado amefungwa, Isa aliwageukia watu waliosimama pale akawaambia wamfungue. Ndiyo maana fundi akamweka huyu mzee.

Alhamisi nilikuwa ndani ya teksi naelekea Ibra, picha mapajani. Bibi alikuwa halioni tena jua ila kwa joto lake, amelala juu ya godoro uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa nikamwambia habari ya siku nne.

"Nilikwambia," akasema.

Nikamwambia na la pili, kwamba waliamrishwa wamfungue. Hapo vidole vyake vikawa vinacheza na ncha ya kanga.

"Kumbe," akasema mwishowe. "Kwa kufufua hakututaka. Alitutaka kwa kufungua."

Nikamuuliza kama tumpe yule mama wa Kimisri picha, maana anaijua na ni ya dini yake.

"Ndiye mwenyewe?"

"Siye, bibi."

"Basi."

Mwaka uliofuata, mitihani ikikaribia na joto limeshaingia, waliniita ofisini kwenye simu. Baba hakumaliza sentensi. Nilifika Ibra kabla ya adhuhuri, na kutoka njiani niliona moshi uani kwetu. Jirani alikuwa amechutama mbele ya mafiga matatu anapuliza moto chini ya sufuria, jasho linamtiririka. Wakati huo tulikuwa na mfereji na tangi juu ya dari, na maji ya tangi mwezi ule yanaweza kupika yai.

"Khala," nikamwambia, kama wanavyoita mama mdogo huko, "maji ya tangi ni moto yenyewe."

"Hakuzowea maji ya tangi," akanijibu, akaendelea kupuliza.

Tukaingia. Nilidhani tutakuwa wawili, nikawa natafuta mtu wa kumwaga maji. Mama yangu alikuwa ameshasimama kichwani mwa kitanda, kopo mkononi, macho ameyafumba kabisa, midomo inasoma. Aliwakimbia maiti maisha yake yote na leo hakukimbia. Tulikuwa watatu.

Nilijua maneno. Nilikuwa nimeyasikia toka utotoni na niliinama niyaseme, hayakutoka. Nikainama tena, hayakutoka. Jirani alinisogeza kidogo kwa bega, taratibu, akaweka mdomo wake sikioni mwa bibi.

"Tuwie radhi, dada," akasema, kwa Kiswahili. "Tunakugeuza."

Herufi zake zilikuwa za Kiarabu, nzito kooni, na "dada" alimwambia mtu ambaye miaka yote alimwita khala, kwa sababu hivyo ndivyo alivyosikia siku ya mama yake na hivyo ndivyo alivyoyahifadhi. Hakuna aliyemfundisha. Sikumsahihisha. Akasema kwa mkono, akasema kwa mguu, kila mara, hakuruka hata mahali pamoja, na mimi nikasugua, na mama akamwaga.

Kamba tatu alizifunga yeye.

Baba aliporudi kutoka makaburini alikuwa na mchanga mpaka magotini. Alishuka kaburini mwenyewe. Hakukaa, alisimama mlangoni mwa chumba cha wanawake, ameinamisha macho, akaniuliza nani aliyefunga sanda. Nikamwambia ni jirani.

"Zote tatu," akasema, "nimevuta mara moja tu."

Alitaka kumshukuru. Alianza kwa Kiarabu, yeye aliyekuwa akiandika barua za ofisi nzima kwa Kiarabu, akakwama, akamshukuru kwa Kiswahili. Jirani akamwambia akae, anywe kahawa.